Jiwe Namba 41 Halirudi Ukutani

Mwalimu Benedikta Nyanda (Mstaafu),
Kitongoji cha Mwashilugu,
Njia ya Dutwa, Bariadi.
11 Novemba 2024

Mwenyekiti,
Kamati ya Uhifadhi wa Baraza la Mawe.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUKATAA KUREJESHA JIWE, PAMOJA NA MALALAMIKO MENGINE YANAYOAMBATANA

Mwadila, salamu kwanza. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ingawa barua yako ya tarehe 4 mwezi huu ilikusudia nisiwe hivyo. Ililetwa na kijana wa bodaboda, imekunjwa mara nne kama hirizi, na kwa kuwa mlisahau kumpa daftari la kupokelea, aliniomba nisaini kwenye kiganja chake. Nimesaini. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Barua yako inasema kwamba wananchi wote waliojichukulia mawe ya Baraza la Mawe kinyume cha sheria wayarudishe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo watakabidhiwa polisi. Mimi nimetajwa kwa jina. Inasema jiwe namba 41, la pembe ya mashariki, limeonekana kwenye kaburi la marehemu mama yangu, Pelagia, tuliyemzika mwezi Agosti. Ni kweli. Lipo, limelala kichwani pake, nami nimepanda maua pande zote mbili. Naandika kukujulisha kwa heshima zote kwamba jiwe hilo halirudi, na kukueleza sababu kwa namba, moja baada ya nyingine, ili usipotee njiani. Nakukumbuka vizuri darasa la tatu B, Keneth. Ulikuwa unapotea hata kwenye kujumlisha.

Kwa faida ya wajumbe wako ambao hawakuzaliwa hapa, Baraza la Mawe walilijenga babu zetu enzi za mkoloni. Mawe yalishushwa mlimani kwa kukokotwa na ng'ombe, yakachongwa kwa nyundo na patasi, yakaunganishwa kwa chokaa. Ndani yake zilisikilizwa kesi za ng'ombe, za mashamba na za ndoa, kwanza mbele ya mtemi, na baada ya Uhuru mbele ya hakimu, mpaka mahakama ilipohamia lile jengo la matofali ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo waliobaki kusikilizana mle ndani ni popo. Sasa nianze.

1. Nashangazwa na mapenzi haya ya ghafla mliyoyapata kwa mawe. Miaka thelathini na zaidi jengo lile halikuwa na mwenyewe. Upepo ulipong'oa bati la upande wa kaskazini tuliandika barua. Niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na mpaka leo nasubiri jibu. Ukuta ulipoanza kupasuka, waliokutangulia walileta fundi na mifuko ya saruji. Akaziba kila ufa kwa saruji, akapiga lipu upande unaotazama barabara tu, maana upande wa nyuma mgeni rasmi hapiti.

Tangu hapo kila aliposikika mgeni mkubwa anakuja, ukuta ulipakwa rangi ya mafuta, chini kahawia na juu krimu. Mgeni asipotokea, rangi ilibaki. Akitokea, alipita ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Pale karibu na mlango, rangi ilipobanduka, nimehesabu tabaka saba. Ukuta wa watu ulikuwa umevalishwa masweta saba kwenye jua hili la Bariadi. Leo ofisi ileile iliyouvalisha inaniita mimi mharibifu wa urithi. Sawa, nimepokea. Ila naomba nipangwe kwenye foleni kwa haki, maana mbele yangu kuna watu wengi.

2. Mwezi Mei mlituletea mtaalamu, Ndugu Method, kijana mpole mwenye kofia pana na mswaki. Alikuwa anagonga jiwe kwa nyundo ndogo, kisha anaweka sikio ukutani na kufumba macho. Siku ya kwanza wazee walivua kofia, wakidhani anasali.

Ndugu Method alitukusanya akatueleza kwamba kinachoua ukuta ule ni saruji. Maji ya mvua yanaingia, yakitaka kutoka saruji inakataa, basi yanabaki humo humo yakila chokaa ya zamani na kulegeza mawe. Ukuta wa mawe, akasema, lazima upumue. Kwa hiyo saruji yote itachokolewa, rangi itabanduliwa, mawe yaliyolegea yatatolewa, yatasafishwa, na kila moja litarudishwa mahali pake palepale kwa chokaa. Sina ugomvi na elimu hiyo. Ninachosema ni kwamba mzee Nkinda, ambaye hakumaliza darasa la nne, aliyasema maneno hayo hayo mwaka 1994, wakati yule fundi wa saruji akikoroga, na jibu alilopewa ni kwamba apishe toroli. Mzee Nkinda yuko hai, ana miaka themanini na minane. Mngempa yeye ile kofia pana mngeokoa safari.

Halafu likaja suala la shimo. Ndugu Method alichimbisha shimo nyuma ya Baraza, akamwaga chokaa, akamwaga maji, ikachemka bila moto watu wakakimbia, kisha akaifunika kwa turubai. Akatangaza kwamba chokaa hiyo sharti ilale miezi mitatu ndipo ifae kazi. Ilalapo isisumbuliwe. Mkaiwekea mlinzi. Ndugu Mwenyekiti, zahanati yetu haina mlinzi. Shule niliyofundisha haina mlinzi, ndiyo maana haina na madirisha. Lakini chokaa iliyolala ina mlinzi wa zamu, mwenye tochi na buti. Wanawake wajawazito wa kitongoji hiki wameanza kuulizana kama nao wakilala shimoni watatazamwa.

3. Sasa nafika kwenye alama ya X, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote.

Kabla ya kuondoka kwenda kusubiri chokaa yake iamke, Ndugu Method aliandika namba nyeupe kwenye kila jiwe, kuanzia moja hadi mia mbili na kumi na mbili. Kisha mawe ya kutolewa akayapiga X nyekundu. Akapanda basi akaenda zake.

Hebu tuambiane ukweli. Katika nchi hii nani asiyeijua X nyekundu? Hata mtoto wa chekechea anaijua. Watu wa barabara wakishapiga X kwenye nyumba yako huulizi swali. Siku hiyo hiyo unapanda juu unashusha bati, kesho unang'oa milango na fremu, keshokutwa matofali, na misumari unainyoosha unaiweka kwenye kopo. Ndugu zako wanakuja kukusaidia na mikokoteni, na majirani wanakuja kuomba vipande. Hiyo ndiyo adabu ya X. Kuacha mali yenye X ikae mpaka greda lifike ni uzembe, na watu wa hapa unaweza kuwaita majina yote lakini si wazembe.

Mimi binafsi nimeishi na X nyekundu miaka thelathini na minne, nikiipiga kwa kalamu kwenye madaftari ya watoto wa watu. Wewe, Keneth, unazo nyingi zangu kuliko mwanafunzi yeyote aliyepita mikononi mwangu. Sikumbuki hata siku moja uliporudi kuniuliza kama X niliyokupigia ilimaanisha jibu ulilokosea litunzwe.

Na kwa maelezo ya Ndugu Method mwenyewe, X ilimaanisha jiwe litoke ukutani. Basi, likatoka. Katika hilo hatukuvunja agizo, tumelitimiza. Tulichotofautiana ni nani alitoe na liende wapi, nayo hayo ni mambo madogo ya utekelezaji.

3 na nusu. Nimesahau kusema kwamba watu walikuwa na subira. Juni yote ilipita, Julai yote ikapita, na hakuna aliyegusa kitu, kwa sababu X zilikuwa chache, zimetawanyika, zimepinda, na watu walizitilia shaka. Ni mwezi Agosti ndipo ilipoonekana X kwenye jiwe la pembe, lile la mashariki, kubwa na iliyonyooka vizuri. Ndipo watu wakasema kumbe. Nyumba ikipigwa X kwenye pembe hakuna tena cha kubaki. Kwa siku mbili sehemu kubwa ya ukuta wa mashariki ikaondoka. Mlinzi wenu wa chokaa alikuwepo muda wote na tochi yake. Muulizeni.

4. Barua yako inasema mawe yamefichwa. Naomba neno hilo lifutwe, ni la kutudhalilisha. Hakuna jiwe lililofichwa. Mngepita kijijini kwa miguu badala ya gari mngeyaona yote kabla ya saa nne asubuhi.

Jiwe namba 17 liko kituoni kwa Mboje, fundi baiskeli. Ananyooshea rimu. Tangu alipate hajamrudishia mtu baiskeli yenye gurudumu linaloyumba, na hiyo ni huduma kubwa kuliko jiwe hilo lilivyowahi kutoa likiwa ukutani. Namba 88, 89 na 103 ni mafiga ya Jenipha, mama lishe. Wajumbe wako walipokuja kukagua uharibifu, uji walioagiza ulipikiwa juu ya uharibifu wenyewe, na mmoja aliomba aongezewe. Mawili yako kwenye ngazi ya altare pale kigangoni. Yamenyunyiziwa maji ya baraka, kwa hiyo mkiyataka mtafute kwanza kitabu cha ibada ya kuyatoa baraka. Manne ni ya banda la nguruwe la Flora. Nguruwe mwenyewe amezaa juzi, ana watoto tisa na hasira nyingi, nashauri mumtume mjumbe kijana. Moja limekwenda Nyalikungu kwa bodaboda, limekaa katikati ya dereva na abiria, limepelekwa na binti wa mzee Nkinda aliyeolewa huko. Alitaka awe na kitu cha kwao. Moja wamelichukua watu wa Lamadi wakafungia mtumbwi, nalo liko ndani ya maji. Hilo naliacha kwa hekima za kamati.

Na sita yaliyo bapa kuliko yote, mazuri kabisa, yako uani kwa mama yako mzazi, mayu Esteria. Anaanikia michembe ya viazi. Nilipita kwake jana Jumapili baada ya ibada, tukasalimiana, akanipa michembe ya njiani nikatafuna mpaka nyumbani. Hana habari ya barua yoyote. Nimeisoma orodha yako mara tatu, ina majina ishirini na matatu, na lake halimo. Mwanangu, mimi nimeita mahudhurio asubuhi miaka thelathini na minne. Najua jina linavyorukwa, na huwa najua na sababu.

5. Sasa nikueleze kuhusu mama yangu, kwa sababu kwenye barua yako umemwita kaburi.

Baba yangu alifariki mwaka 1968. Kabla matanga hayajaisha, ndugu zake walichukua ng'ombe. Kisha wakataka shamba la bondeni, kisha wakataka na mama arithiwe na mkubwa wao kama jembe. Mama akakataa. Akaenda Baraza la Mawe kushitaki, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hajui kusoma, hana wa kumsindikiza ila mimi, na mimi nilikuwa na miaka tisa.

Wakati ule mabenchi ya ndani yalikuwa ya wanaume na wazee. Mwanamke alisubiri nje mpaka aitwe. Kwenye pembe ya mashariki kuna jiwe moja la chini ambalo babu zetu walilichomoza, sijui kwa kusudi gani, likawa kama kiti. Mama alikaa hapo. Kesi yake iliahirishwa mara kumi na tisa katika miaka mitatu. Mara hakimu anaumwa. Mara jalada limekwenda Maswa. Mara baba mkubwa ameomba muda amlete shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa ameshazikwa, mazishini tulikwenda wote. Kila mara tulitoka nyumbani jogoo wa kwanza, tukatembea maili kumi na moja, tukakaa kwenye jiwe lile. Mama alibeba karanga akawa anabangua huku anasubiri. Alikuwa anasema siku haiwezi kupotea yote.

Mara ya ishirini wakamwita ndani. Akatoka baada ya muda mfupi, akarudi kukaa palepale kwenye jiwe. Nikadhani ameshindwa, nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, shamba ni letu, anataka tu kukaa kidogo siku ambayo hasubiri mtu.

Shamba lile likatoa pamba, pamba ikanipeleka shule, shule ikanifanya mwalimu, nami nikakufundisha wewe kuandika. Kwa hiyo hata barua yako ya vitisho, ukiifuatilia mpaka mwanzo wake, imetoka kwenye lile jiwe. Mama alipofariki nilitaka alale nalo. Naumia, Keneth, na sioni haya kusema. Sina kitu kingine alichokikalia miaka mitatu na kikamlipa.

6. Mwisho nakuja kwenye sheria, kwa kuwa umenitishia nayo.

Ndugu Method alituambia, na wewe ulikuwepo ukiitikia kwa kichwa, kwamba jengo la kihistoria si bati wala rangi, ni mawe yake. Nakubaliana naye kabisa. Basi kama Baraza ni mawe yake, na mawe yametoka, Baraza limetoka pia. Pale mnapolinda sasa mnalinda tundu. Baraza lenyewe liko kituoni kwa Mboje, liko jikoni kwa Jenipha, liko altareni, liko kwa nguruwe, liko Nyalikungu, liko ziwani, na kwa sehemu kubwa liko uani kwa mama yako. Halijaharibiwa, limehama. Hata mahakama ilihama, na hakuna aliyeipeleka polisi.

Kwa msingi huo naomba yafuatayo yatekelezwe, na nayaomba kwa unyenyekevu:

(a) Kila nyumba yenye jiwe itangazwe kuwa eneo la kumbukumbu na iwekewe bango. Bango la banda la Flora liwe kubwa kidogo, nguruwe asione ameonewa.

(b) Mlinzi wa chokaa agawe zamu zake. Jumatatu alinde mafiga, Jumanne alinde rimu za Mboje, na tochi aiache zahanati.

(c) Watalii wanaopita Lamadi kwenda kutazama simba wakatiwe njia waletwe hapa. Wakishaona mawe wanywe uji, na anayetaka kuongezewa aongezewe, kama mjumbe wako.

(d) Sisi wenyewe wakazi, kwa kuwa ndio tunaobeba jengo hilo sasa, tuhifadhiwe kitaalamu. Tuandikwe namba nyeupe migongoni. Tusipakwe rangi ya mafuta anapokuja mgeni. Tusizibwe midomo kwa saruji. Tuachwe tupumue, na kila baada ya muda aje mtu mwenye kofia pana atugonge taratibu na kutusikiliza.

(e) Kwa kuwa mahakama yenu ilizaliwa katika Baraza lile, na jiwe lake la pembe liko kwenye kaburi la mama yangu, naomba vikao vyote vya kesi za mashamba na mirathi vihamie huko, shambani kwangu. Hakimu asimame juani. Mawakili wakae chini kwenye majani. Makarani walete majalada yao yote, na yale yaliyokwenda Maswa mwaka 1969 pia. Wote wasubiri kimya mpaka marehemu atakapokuwa tayari kuwaita. Safari hii wao ndio wamsubiri mama yangu, na akitaka kuahirisha mara kumi na tisa, aahirishe.

(f) Kamati yako ipigwe X. Nitatoa kalamu.

Nikimaliza, naomba uwasalimie wajumbe wote, hasa yule aliyependa uji. Msalimie mlinzi wa chokaa, mwambie tunamwona. Msalimie Ndugu Method mkiwasiliana, mwambie chokaa yake imelala salama kuliko sisi. Mkeo na watoto wasalimie pia. Mayu Esteria nitamsalimia mwenyewe, kwa kuwa nyumbani kwake mimi huwa nafika.

Nabaki kuwa mwalimu wako, na raia mtiifu kila palipo na cha kutii,

Benedikta Nyanda
(Mwenye dhamana ya jiwe namba 41)

N.B. Barua hii nilishaifunga kwenye bahasha juzi. Leo ni Jumatano na nimeifungua kwa kisu.

Jana mvua ilinyesha sana, wewe mwenyewe umeiona. Asubuhi hii nimepita Baraza nikienda kutuma barua. Pembe ya mashariki imefunguka. Nimeingiza mkono kwenye ufa ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Mawe yaliyokuwa juu ya lile la mama yameteremka, na ikija mvua nyingine kama ya jana yatakuja chini yote, na ukuta wa mbele utayafuata.

Ndugu Mwenyekiti, orodha ya Ndugu Method unayo wewe ofisini. Itazame. Jiwe namba 41 ameandika kwamba ni zima, limebeba pembe, lisiguswe. Halikuwa na X. X ile niliipiga mimi, siku ya kumi na moja baada ya mazishi, kwa rangi aliyoiacha kwa Jenipha. Jenipha alikuwa mnadani Dutwa na mlinzi wenu amelala. Kabla ya X yangu hakuna mtu aliyekuwa ameng'oa hata kokoto. Baada ya kuiona, wakadhani yote yanakwenda, wakaokoa walichoweza. Kwa hiyo yale majina ishirini na mawili yafute, na mama yako usimhangaishe kwa lolote. Bakiza jina langu.

Wala mama hakuniomba jiwe. Aliniomba misa, na nisiuze shamba, basi. Jiwe nililitaka mimi, sikujua nimwekee nini kingine.

Na pale pembeni nimemkuta mwanamke mmoja, simfahamu, ametoka mbali na mtoto wake. Ana kesi ng'ambo ya barabara, ameambiwa asubiri. Kumbe bado wanakuja kusubiria pale, miaka yote hii, mimi nimepita kila siku sikuangalia. Alikuwa amekaa chini, kwenye tope, pale jiwe lilipokuwa. Nilimwambia asogee, ukuta si salama. Akaniuliza asogee akae wapi. Nikarudi nyumbani na bahasha yangu.

Mwite Ndugu Method, chokaa yake imeshaiva. Kisha njooni shambani kwangu na mkokoteni wa ng'ombe na wanaume wanne, jiwe ni zito. Mje asubuhi mapema, kabla sijabadili mawazo.